Ngome ya Guédelon si gofu lililokarabatiwa

Wengi wanaofika Guédelon, katika msitu wa Treigny huko Burgundy, Ufaransa, hudhani wanaona gofu la kale lililofanyiwa ukarabati. Sivyo. Kabla ya 1997 pale palikuwa na miti na machimbo ya mawe yaliyoachwa. Michel Guyot na Maryline Martin ndio walioongoza kazi ya kujenga ngome mpya tangu msingi, kwa mbinu za karne ya 13. Wakaitungia na kisa: kabaila mdogo aanza ujenzi mwaka 1228.

Wengine husema mafundi wale ni waigizaji wa kufurahisha watalii. Hilo linawaonea. Patasi zinazonolewa kwa mhunzi ni zile zilizotiwa butu na waashi wakichonga mawe ya ukuta. Vigae vya paa hufinyangwa na kuchomwa palepale. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, baadhi ya maseremala waliolijenga paa lake upya walikuwa wamejifunza kuchonga mwaloni kwa shoka hapo Guédelon.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba watu wa kale hawakujua hesabu, walikuwa wakibahatisha tu. Tazama kamba yao: mafundo 13, nafasi 12 zilizo sawa. Unganisha fundo la kwanza na la mwisho, kisha ivute iwe pembetatu, upande mmoja nafasi 3, wa pili 4, wa tatu 5. Papo hapo umepata pembe ya nyuzi 90, hata kama hujui kusoma. Na jiwe zito hupandishwa mnarani na mtu anayetembea ndani ya gurudumu la mbao, hatua kwa hatua, kamba ikijizungusha kwenye mhimili.

Je, ngome zilijengwa na watumwa? Barua ya 1296 kutoka Beaumaris, Wales, ngome ya huko ikiwa bado inajengwa, inataja waashi 400 na vibarua 2,000, nayo inadai fedha za ujira. Wapo walioletwa kwa lazima, lakini walilipwa.

Helmeti na miwani ya kinga utakayoiona kwa mafundi wa Guédelon si ya kale; ni matakwa ya sheria ya leo.

Kuta nazo hazikuwa za kijivu na giza. Ingia chumbani Guédelon: chokaa nyeupe, na juu yake michoro ya rangi nyekundu na manjano iliyotokana na udongo wa machimbo yenyewe.