Sofa si neno la Wazungu peke yao

Barazani Mji wa Kale, kikombe cha kahawa chungu mkononi, utasikia: “Meza tulipewa na Wareno, sofa na Waingereza.” La meza ni kweli. La sofa ni nusu tu. Waingereza wenyewe walilipata karne ya 17, asili yake Kiarabu, suffa, likiwa limepitia Kituruki. Wakati huo walimaanisha sehemu ya sakafu iliyoinuliwa, ikatandikwa mazulia na matakia. Kiti kirefu kilifuata baadaye. Aliyesoma chuo cha Kurani anawajua Ahlu Suffa, masahaba waliokaa msikitini kwa Mtume, Madina. Suffa ni hiyohiyo. (Kochi, sawa, hilo la Kiingereza.) Na anayebishia haya kakalia baraza ya mawe yenye mkeka, karibu kabisa na sofa ya kwanza.