Kaa hapasuki kwa unene

Mnunuzi mwingine wa kaa ninaowanenepesha vizimbani kanipigia simu: "Huyu kaa alinenepa mpaka gamba likapasuka, mbona hana nyama?" Ndugu yangu, hakunenepa. Amejaa maji.

Gamba la kaa wa mikoko haliongezeki hata milimita. Akitaka kukua, sharti alivue, na maandalizi huanza kitambo kabla hujaona ufa. Homoni ya kujivua, ambayo huzuiwa na nyingine itokayo kwenye vikonyo vya macho, huachiwa. Ngozi mpya hujengeka chini ya kuukuu, laini na yenye mikunjo kama shati sandukuni, huku sehemu ya gamba la zamani ikiyeyushwa na kufyonzwa. Halafu kaa huvimba kwa maji, ufa hufunguka nyuma, naye hutoka kinyumenyume.

"Kama kuvua koti," wananiambia. Koti gani? Huvua hadi utando wa macho, wa matamvua, na bitana ya tumbo pamoja na meno yaliyo humo ndani! Nyama ya gando nene lazima ipite kwenye kiungo chembamba, kwa hiyo mwili huipunguza kwanza. Wengine hukwama. Nimewahi kumkuta mmoja amekufa nusu yuko nje, gando la kulia bado limo ndani.

Akitoka salama, huendelea kunywa maji ili gamba jipya litanuke kabla halijakakamaa. Upana umeongezeka, nyama ni ileile. Kunenepesha ni kuijaza nafasi hiyo, si kumkuza kaa. Kabla ya kununua, bonyeza kwa dole gumba upande wa chini, karibu na miguu ya nyuma. Pakibonyea, mrudishe kizimbani.

(Mwaka 2011 wanasiasa wa Tanzania walipovumisha "kujivua gamba" nilicheka sana. Anayetoka ni yuleyule, ila mkubwa zaidi.)

Wazee hapa Mida, pwani ya Kenya, husema kaa hujivua wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Miezi mingine nawakubali; mingine kaa wangu hawana habari na mwezi. Mimi huangalia kichipukizi cha mguu uliokatika. Kikijaa na kuvimba, yu karibu kujivua; namtenga upesi, maana wenzake watamla.

Na lile gamba tupu mlilonitumia picha, lenye macho na miguu yote 10, mkanipa pole mkidhani kaa amekufa? Mwenyewe alikuwa nyuma yake, kwenye kona ya kizimba, laini kama ugali wa moto.