Mwingiliano wa Dawa za Saratani: Maana Yake na Jinsi Unavyotokea

Wengi wakisikia "mwingiliano wa dawa" hufikiria dawa mbili zinagombana tumboni. Hazigombani. Zinakutana tu mahali pamoja mwilini: kwenye ini linalozivunja, kwenye figo zinazozitoa, au kwenye kiungo ambacho zote mbili hukiumiza. Mwingiliano ni pale dawa moja inapobadilisha kazi ya nyingine, ikaizidishia nguvu au ikaipunguzia, au pale madhara ya zote mbili yanapoangukia kiungo kimoja.

Dawa nyingi za kawaida zina nafasi ya kukosea. Kiwango chake kwenye damu kikipanda kidogo, mwili hauoni tofauti. Kemotherapi haina nafasi hiyo. Kipimo kinachoua seli za saratani kiko jirani mno na kipimo kinachomdhuru mgonjwa, ndiyo maana unapimwa urefu na uzito kabla ya kuandikiwa dozi. Na juu ya hilo, mara nyingi mgonjwa hapewi dawa moja. Tangu miaka ya 1960 madaktari wamekuwa wakichanganya dawa kadhaa kwa makusudi, kwa sababu seli inayostahimili dawa ya kwanza inaweza kufa kwa ya pili. Kwa hiyo dawa za saratani zitakutana tu. La kuuliza ni kama mkutano wao umepangwa.

Majina ya dawa nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye chupa na pakiti, ili uweze kuyalinganisha na yaliyo kwenye kadi yako.

Tuingie chumba cha dripu. Mama anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Leo ana dawa mbili, paclitaxel na cisplatin. Nesi anaanza na sindano za kuzuia mzio na kichefuchefu, kisha anatundika paclitaxel, ambayo kwa kawaida huchukua saa tatu. Cisplatin hufuata, pamoja na maji mengi ya chumvi ya kulinda figo. Mama katoka mbali, anawaza basi la jioni, anauliza kama hawawezi kugeuza mpangilio ili mambo yaende haraka. Nesi anakataa, na anakataa kwa haki. Cisplatin ikitangulia, mwili huondoa paclitaxel polepole zaidi, kasi yake ikishuka kwa takriban theluthi moja. Dawa inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe nyeupe, unaumia zaidi. Wiki moja au mbili baadaye mgonjwa anaweza kurudi na homa, damu imeshuka, hana kinga. Chupa ni zilezile na dozi ni ileile. Kilichobadilika ni ipi ilitangulia. Mimi naona mgonjwa anastahili kuelezwa jambo hili kwa dakika mbili tu, badala ya kuambiwa "ndivyo tunavyofanya".

Cisplatin ina mkutano mwingine wa kuangaliwa. Katika saratani ya korodani huchanganywa na bleomycin, na mchanganyiko huo umeponya vijana wengi sana. Lakini cisplatin huumiza figo, na bleomycin hutoka mwilini kupitia figo hizohizo. Figo zikilegea, bleomycin inabaki, na inakokwenda kuumiza ni mapafu. Ndiyo sababu ya kipimo cha figo kabla ya kila mzunguko, na ndiyo sababu kikohozi kikavu au pumzi fupi haipaswi kunyamaziwa.

Kwa moyo, mfano ulio wazi ni doxorubicin, ile dawa nyekundu, na trastuzumab, inayotumika kwa aina fulani ya saratani ya matiti. Kila moja kwa njia yake inaweza kudhoofisha moyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanawake waliopewa dawa za jamii ya doxorubicin pamoja na cyclophosphamide, dawa nyingine ya saratani, walipata matatizo ya moyo kwa asilimia 8. Walioongezewa trastuzumab wakati huohuo walifika asilimia 27. Dawa zenyewe hazikutupwa, maana zinaokoa maisha. Zilitenganishwa: kwa kawaida doxorubicin inamalizika kwanza, ndipo trastuzumab inaanza, na moyo unapimwa mara kwa mara.

Hata hivyo si kila mwingiliano ni balaa, na hapa ndipo dhana hii inanivutia zaidi. Gertrude Elion na George Hitchings, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988, walitengeneza mercaptopurine kwa ajili ya saratani ya damu. Mwili ulikuwa ukiivunja haraka, wakatafuta dawa ya kuzuia uvunjaji huo ili mercaptopurine idumu. Dawa hiyo ni allopurinol. Baadaye ikajulikana zaidi kwa kutibu jongo, lakini kazi ile ya kwanza haijaiacha. Mtoto anayemeza mercaptopurine akiongezewa allopurinol bila dozi kupunguzwa, mercaptopurine hurundikana na uboho unaweza kuzimika. Zikilazimika kutumika pamoja, mercaptopurine hushushwa hadi theluthi au hata robo ya dozi yake.

Leucovorin nayo ni dawa moja yenye kazi mbili zinazopingana. Baada ya dozi kubwa ya methotrexate, dawa ya saratani, hutolewa ili kuziokoa seli zenye afya, kwa kuwa huzipa folati, aina ya vitamini, ambayo methotrexate imeizuia. Ikitolewa pamoja na fluorouracil, dawa nyingine ya saratani, kwa mfano katika saratani ya utumbo mpana, huifanya fluorouracil ishike barabara zaidi na kuua seli nyingi zaidi za saratani. Ukiiona kwenye kadi usidhani kazi yake ni ileile uliyosimuliwa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, linatoka nyumbani, kwa dawa ambazo hakuna anayezihesabu. Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, inamezwa kila siku na watu wengi wanaoishi na VVU. Pamoja na methotrexate inaweza kushusha damu kwa hatari. Diclofenac na ibuprofen, dawa za maumivu ambazo kila duka la dawa linazo, zinaweza kuifanya methotrexate ichelewe kutoka kwenye figo. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya ARV, huzuia vimeng'enya vya ini, yaani kemikali za mwili, vinavyovunja vincristine, inayotumika kwa saratani ya Kaposi. Matokeo yake ni ganzi ya miguu na choo kufunga kupita kiasi. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaliamsha ini livunje dawa haraka, na kiwango cha imatinib, kidonge cha baadhi ya saratani za damu, kwenye damu kinaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Mgonjwa anameza vidonge vyake kwa uaminifu kila siku na saratani inaendelea. Tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, nayo haifanyi kazi yake yote mpaka ini liigeuze, na paroxetine, dawa ya sonona, huzuia ugeuzaji huo.

Balungi pia limo, kwa kuwa juisi yake huzuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja baadhi ya vidonge vya saratani. Mitishamba mingi haijapimwa pamoja na kemo, na ina kemikali zinazopita kwenye ini lilelile. Wagonjwa huificha kwa kuogopa kukaripiwa. Daktari anayekaripia anajinyima habari anayoihitaji kuliko karibu kitu chochote kingine siku hiyo.

Siku ya kliniki beba mfuko wenye kila unachotumia, hata cha wiki iliyopita, hata unga wa mizizi uliopewa na jirani. Mwambie mfamasia kila kimoja umekianza lini na unakitumia saa ngapi. Ukigundua humu dawa unayotumia, usiiache mwenyewe: kuacha ARV au dawa za kifua kikuu ni hatari nyingine kubwa, na mara nyingi ipo dawa mbadala au dozi inayoweza kurekebishwa. Na homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo haisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.