Ukumbi mkubwa wenye sauti mbovu: dhana potofu na ukweli

Ukumbi ukiwa na sauti mbovu, ushauri haukosekani. Huyu atasema tandikeni mazulia, yule atasema ongezeni spika, na mwingine atakuja na habari za mbao. Pesa zinatumika, muziki unabaki palepale au unaharibika zaidi. Inauma, kwa sababu vyanzo vya kasoro hizi vinajulikana na vimeanza kupimwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

"Sauti inajirudia, basi tuweke vitu laini"

Makosa mengi yanaanzia hapa. Kuna kasoro mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mvumo: ala imenyamaza, lakini sauti inaendelea kuelea ukumbini ikififia taratibu. Ya pili ni mwangwi: unasikia pigo moja la ngoma, kisha unalisikia tena, kwa kuwa sauti imekwenda kugonga ukuta wa nyuma au dari na kurudi ikiwa imechelewa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ikizunguka mita 17 zaidi ya ile iliyokufikia moja kwa moja, inachelewa kwa sekunde 0.05. Ikichelewa chini ya hapo, sikio huziunganisha zote mbili na kusikia sauti moja yenye nguvu zaidi. Ikizidi hapo, hasa kwa maneno yanayotamkwa, sikio huanza kuzitenganisha.

Mvumo ndio hupunguzwa na vitu laini. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kurekebisha chumba cha mihadhara ambamo msemaji hakueleweka. Alifanya kazi usiku kukiwa kimya, akipuliza bomba la kinanda na kupima sauti ilidumu muda gani, huku akiingiza mito ya viti hatua kwa hatua. Chumba kitupu kilivuma zaidi ya sekunde 5. Kutokana na vipimo hivyo tulipata kanuni inayotumika mpaka leo: muda wa mvumo huongezeka kadiri ujazo wa ukumbi unavyoongezeka, na hupungua kadiri vitu vinavyomeza sauti vinavyozidi.

Mwangwi ni jambo jingine. Huo lazima uutafute ulikotoka, ukikagua kila ukuta na dari. Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilisumbuliwa na mwangwi kwa karibu karne nzima kwa sababu ya kuba lake kubwa, ambalo hukusanya sauti na kuirudisha chini kwa wasikilizaji. Nafuu kubwa ilipatikana mwaka 1969, zilipotundikwa sahani kubwa za fibaglasi chini ya kuba lenyewe. Zulia sakafuni lisingeweza kufanya kazi hiyo.

"Mvumo ni adui, tuumeze wote"

Kwa hotuba, mvumo wa sekunde 1 hivi unatosha. Okestra inahitaji karibu sekunde 2. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 kwa ushauri wa Sabine, na Musikverein ya Vienna ya mwaka 1870 zote ziko karibu na kiwango hicho zikiwa zimejaa watu, na zinasifiwa ulimwenguni kote. Royal Festival Hall ya London, ya mwaka 1951, ilikuwa na shida ya kinyume: ilikuwa kavu mno, yaani mvumo wake ulikuwa mfupi, hata katika miaka ya 1960 ukafungwa mfumo wa maikrofoni na spika ili kurefusha mvumo.

Tena zulia na pazia jepesi humeza sauti nyembamba tu. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4, na kitambaa chembamba kilichobandikwa ukutani hakilisumbui. Matokeo yake ung'avu wa fidla na konsonanti za waimbaji vinapotea, besi inabaki ikinguruma. Huo ndio ukumbi ninaousikitikia kuliko wote, kwa sababu wenyewe wameugharamia.

"Mbao ndizo huleta utamu"

Sehemu kubwa ya kuta za Boston na Vienna ni plasta. Ubao mwembamba wenye uwazi nyuma yake hutikisika na kumeza besi. Ubao mnene uliogandamizwa kwenye ukuta mzito hauna neno.

"Ongeza spika"

Ukipandisha sauti ya spika katika ukumbi unaovuma, mvumo nao unapanda kwa kiasi kilekile, na maneno yanabaki hayaeleweki. Kinachosaidia ni spika zinazolenga watu badala ya kuta, na zilizo karibu nao.

Trei za mayai na nyaya zilizotandazwa juu ya vichwa vya watu? Trei ni nyepesi mno. Kuhusu nyaya, Sabine alikwisha sema wakati wake kwamba hazina faida.

"Tulijaribu ukumbi mtupu, ulikuwa mzuri"

Watu humeza sauti nyingi. Ukumbi wenye viti vigumu hubadilika kabisa ukijaa. Ndiyo maana viti vyenye mito ni mahali pazuri pa kutumia pesa: kiti kitupu humeza karibu sawa na kiti chenye mtu, na mazoezi ya mchana yanafanana na onyesho la usiku.

"Kila ukumbi unatibika kwa paneli"

Ningependa iwe hivyo. Philharmonic Hall ya Lincoln Center, New York, ilifunguliwa mwaka 1962 na kulaumiwa papo hapo: besi dhaifu, mwangwi, wanamuziki wasiosikilizana. Ikarekebishwa tena na tena, na mwaka 1976 ndani ikabomolewa na kujengwa upya. Malalamiko hayakuisha. Mwaka 2022 ilifunguliwa tena baada ya kazi ya dola milioni 550: viti vilipunguzwa kutoka zaidi ya 2,700 hadi 2,200, na jukwaa likasogezwa mbele kama mita 7.6 ili wasikilizaji walizunguke. Umbo na ukubwa ndivyo vilivyoguswa. Musikverein ina upana wa mita 19 hivi tu, kwa hiyo sauti iliyogonga kuta za pembeni humfikia msikilizaji mapema, naye hujihisi amezungukwa na muziki. Ukumbi mpana mno hauwezi kumpa hilo kwa mapambo.

"Wa kuangaliwa ni msikilizaji"

Na wapigaji je? Katika Concert Hall ya Sydney Opera House dari liko mita 25 hivi juu ya jukwaa. Sauti inayopanda hadi huko na kushuka inachelewa kwa takriban sekunde 0.15, haimsaidii mpiga fidla kumfuata mwenzake wa tarumbeta. Pete za plastiki zilizoning'inizwa hapo tangu mwaka 1973 hazikutosha. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na vibao vikubwa vyenye umbo la petali, vinavyoshushwa na kupandishwa, ili sauti iwarudie wapigaji mapema na waweze kwenda pamoja.