Hansadi ni nini, na mtu anaitafuta vipi

Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, jioni moja baada ya Alasiri, ubishi ulikuwa juu ya daraja la Likoni, pale tunapovuka kwa feri. Mmoja aliapa kwamba mbunge alisimama Bungeni akasema daraja litajengwa. Wa pili akasema hakuahidi kitu, alilalamika tu. Wa tatu alikuwa na klipu kwenye simu, sekunde 29, inayoanza katikati ya sentensi na kukatika katikati ya nyingine. Ami muuza kahawa, dele mkononi, akauliza neno moja: "Lini?" Watu kimya.

Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetafuta hansadi, hata kama jina lenyewe hajawahi kulitamka.

Hansadi ni maandishi rasmi ya yale yaliyosemwa katika kikao cha Bunge, pamoja na jina la kila aliyesema, kwa mpangilio ule ule waliosema. Si kumbukumbu za mkutano kama zile za chama cha mtaani, ambapo katibu huandika "wanachama walikubaliana" na habari ikaisha. Kumbukumbu za namna hiyo Bunge linazo pia, na ndani yake huingia maamuzi tu: hoja gani ilipita, mswada gani ulisomwa, karatasi gani ziliwekwa mezani. Hansadi hubeba maneno yenyewe, na ubishi na kukatizana humo humo.

Je, ni neno kwa neno? Karibu. Sauti hurekodiwa, waandishi huinakili, wahariri hupitia. Mtu akigugumia, akirudia jambo mara tatu au akiteleza ulimi, husafishwa. Kinachobadilisha maana hakiguswi, wala mbunge hana ruhusa ya kurudi kesho yake akapamba hotuba aliyoitoa vibaya. Hata yasiyo maneno huachiwa alama ndani ya mabano: makofi, kicheko. Ninayoipenda mimi ni ile ya Nairobi, ambapo wabunge wakipiga kelele kama soko la Kongowea, hansadi huandika kwa adabu kwamba kulikuwa na "mashauriano kwa sauti kubwa".

Jina limetoka kwa watu. Mwaka 1803 William Cobbett alianza kuchapisha mijadala ya Bunge la Uingereza, na mwaka 1812 kazi hiyo ikaingia mikononi mwa mpiga chapa wa London, Thomas Curson Hansard. Jina la ukoo likawa jina la kitu. Bunge lenyewe lilichukua kazi ya kuandika mijadala yake mwaka 1909, na kabla ya hapo hansadi ilikuwa biashara ya mtu. Kwetu, Baraza la Kutunga Sheria la enzi ya ukoloni lilikaa mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, huko Nairobi. Mombasa ilikuwa imepokonywa makao makuu ya utawala miaka michache tu kabla, basi hata kikao kile cha kwanza tulikikosa.

Turudi kwenye kutafuta, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Kwanza ujue nyumba. Kenya ina Bunge la Taifa, ina Seneti, na kila kaunti ina bunge lake, kwa hiyo kuna hansadi za namna tatu. Taka za Kisauni na masoko ni mambo ya kaunti, ukiyatafuta Nairobi utachoka bure. Jambo la feri lina utata wake. Jedwali la Nne la Katiba limeweka vivuko na bandari katika orodha ya kazi za kaunti, ila si usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa, na huku kivuko cha Likoni kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari, ambayo ni ya serikali kuu. Kwa hiyo anayetafuta habari za feri na atafute kote, asiridhike na nyumba moja.

Pili, tarehe. Bunge la Taifa kwa kawaida hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na tena alasiri, na Alhamisi alasiri. Jumatano ina vikao viwili, na kila kikao kina hansadi yake. Sijui ni watu wangapi wamefungua ile ya alasiri, wakakosa walichotaka, wakatangaza kwamba mheshimiwa hakusema. Mimi ni mmoja wao, na nilitangaza kwa sauti.

Tatu, lugha. Kiswahili kiliingizwa katika mijadala ya Bunge la Kenya mwaka 1974, na leo ibara ya 120 ya Katiba inataja lugha tatu rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hansadi huandika kwa lugha aliyoitumia msemaji, haitafsiri. Spika akiuliza kwa Kiingereza na mbunge wa Pwani akajibu kwa Kiswahili, ndivyo utakavyoisoma. Maana yake ni kwamba ukiandika "feri" peke yake utapata nusu ya mambo. Andika "feri", kisha "ferry", kisha "kivuko", halafu Likoni na Mtongwe. Tanzania hili si tatizo sana, kwa kuwa mijadala yao iko kwa Kiswahili.

Majina ya mahali nayo yana umri. Ukitafuta mbunge wa Nyali au wa Jomvu kabla ya uchaguzi wa 2013 hutampata, kwa sababu maeneo bunge hayo hayakuwapo. Nyali ilikuwa ndani ya Kisauni na Jomvu ndani ya Changamwe. Ukirudi nyuma hadi 1963 kutafuta mjadala wa Mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, neno "Mwambao" halitakufikisha mbali. Wazungumzaji wa wakati ule, kwa Kiingereza chao, walisema "Coastal Strip". Seneti pia ina pengo: ilikuwapo wakati wa uhuru, ikaondolewa muongo huo huo, na ikarejea mwaka 2013.

Hansadi za miaka ya karibuni ziko kwenye tovuti za Bunge, faili moja kwa kila kikao. Za zamani, kuanzia miaka ya 60, nyingi zimepigwa picha na kuwekwa Google Books, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Ila mashine iliyosoma kurasa zile haikusoma Kiswahili vizuri, na jina kama Mtongwe unaweza kulikuta limegeuzwa kichekesho. Ukikosa kwa jina, tafuta kwa neno la jirani yake. Za kaunti ni ngumu zaidi kupata mtandaoni. Ukizikosa, ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Ukishaupata ukurasa, usisome mstari wako tu. Panda juu mpaka uone ni shughuli gani iliyokuwa ikiendelea. Mbunge anaweza kuwa anajadili mswada, anaunga mkono hoja, anawasilisha ombi la wananchi, anainuka kwa hoja ya nidhamu au anaomba taarifa. Sentensi moja ina uzito tofauti katika kila moja ya hizo. Kisha shuka chini uone kama aliyasema akaambiwa ayaondoe, na kama aliyaondoa.

Kura ndiyo inayowachanganya wengi. Watu huja na swali: mbunge wetu alipiga kura gani juu ya sheria ile? Mara nyingi hansadi haina jibu, kwa kuwa kura nyingi hupigwa kwa mdomo. Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, naye anatangaza upande ulioshinda. Majina huandikwa tu kura ikipigwa ya mtu mmoja mmoja. Seneti ina lake tena: mswada unaohusu kaunti ukifika kwenye kura, kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake kwa niaba ya wote. Usimlaumu seneta aliyeteuliwa na chama kwa kura ambayo hakuwa nayo.

Na takwimu? Waziri au mwenyekiti wa kamati akisema "nimeweka ripoti mezani", hansadi itakuambia iliwekwa, lakini ripoti yenyewe haimo humo. Utaitafuta kando, kwenye karatasi za kamati.

Kuna jambo moja ambalo ningelipigia mstari kwa wino mwekundu. Hansadi inashuhudia kwamba neno lilisemwa, haishuhudii kwamba neno ni kweli. Ndani ya ukumbi mbunge ana uhuru wa kusema unaolindwa na ibara ya 117, na hashtakiwi kwa alichokisema mle. Anaweza kutaja kiasi cha pesa alichokisikia njiani, na kikaingia kwenye kurasa rasmi kikiwa na sura ya ukweli. Gazeti linaloandika "kwa mujibu wa hansadi, bilioni kadhaa ziliibwa" limeruka hatua. Kwa mujibu wa hansadi, fulani alidai.

Mahakama nazo zina uangalifu huo. Mwaka 1992, katika kesi ya Pepper dhidi ya Hart iliyohusu kodi, majaji wa juu wa Uingereza walikubali hansadi isomwe ili kujua Bunge lilikusudia nini, lakini pale tu ambapo maneno ya sheria yana utata na aliyeileta sheria alisema waziwazi. Kwa kesi usichapishe tu faili la tovuti. Nakala za mtandaoni za Bunge letu zenyewe zimeandikwa chini ya ukurasa kwamba ni za kutoa habari tu, na kwamba nakala iliyothibitishwa huombwa kwa idara ya hansadi. Unaponukuu, taja nyumba, tarehe, asubuhi au alasiri, na ukurasa, ili mwenye shaka akafungue mwenyewe.

Na lile daraja letu? Mwenye klipu alikumbuka kwamba aliiona siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Tukahesabu, ikawa Jumatano. Nikafungua ya alasiri kwanza, kwa mazoea mabaya, hamna kitu. Ya asubuhi ndiyo iliyokuwa nayo. Mbunge alikuwa anamwomba mwenyekiti wa kamati alete taarifa: ujenzi utaanza lini? Yale maneno "daraja litajengwa" alikuwa akirudia yaliyosemwa na serikali siku za nyuma, ndipo aulize. Klipu ilikuwa imekata "mliambiwa" iliyotangulia.

"Na mwenyekiti alijibu nini?" Ami akauliza.

Alisema atajibu baada ya wiki mbili.

"Basi fungua ya wiki mbili."

Nikatafuta tarehe hiyo, juu na chini, asubuhi na alasiri. Hapakuwa na kikao, Bunge lilikuwa limekwenda mapumzikoni. Ami akanimiminia kikombe kingine, nami nikaanza kuhesabu wiki upya, kutoka siku waliyorudi.