Je, wajua? Sinagogi huchangiwaje ikiwa siku ya ibada ni marufuku kugusa pesa?

Kwetu Afrika Mashariki, kanisa likitaka kujenga jengo jipya, siku ya kuchangisha inajulikana. Ni Jumapili: watu wamejaa, kwaya imeimba, mchungaji ametaja mifuko ya saruji inayopungua, na kapu linapita. Msikitini nako, baada ya sala ya Ijumaa, sanduku liko mlangoni. Mchango huombwa pale watu walipo.

Wayahudi hukusanyika siku ya Sabato, kuanzia jua linapotua Ijumaa mpaka nyota zinapoonekana Jumamosi jioni. Na siku hiyohiyo, Myahudi anayefuata sheria hagusi noti wala sarafu. Hashiki kalamu pia, kwa hiyo hata kuandika hundi au kusaini fomu ya ahadi haiwezekani. Basi masinagogi yote haya, kuanzia lile la Nairobi jirani na Chuo Kikuu hadi yale ya London na New York, yalipataje pesa za mawe na mbao?

Tuanze na katazo lenyewe. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Nehemia akifunga malango ya Yerusalemu ili wachuuzi wasiingie na mizigo yao siku ya Sabato. Kununua na kuuza kumekatazwa, na walimu wa sheria wakaenda hatua moja mbele: kitu ambacho kazi yake ni biashara hakisogezwi kabisa siku hiyo, kiwekwe kando mpaka Sabato itoke. Pesa imo katika kundi hilo.

Lakini kuna mlango ulioachwa wazi, nao uko katika Isaya 58:13. Nabii anawasifu wanaoiheshimu Sabato kwa kutotafuta mambo yao wenyewe na kutosema maneno yao wenyewe. Walimu wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya sheria za Kiyahudi, waliisoma aya hiyo kwa makini mno: yaliyokatazwa ni mambo *yako*. Mambo ya Mungu yanaruhusiwa kusemwa. Kwa hiyo siku ya Sabato unaweza kutamka kwamba utawapa maskini kiasi fulani, na unaweza kuahidi mchango wa ujenzi. Mkono umefungwa, mdomo umeachwa huru.

Ndiyo maana katika sinagogi mchango huanza kama neno. Sabato asubuhi Torati inaposomwa, watu saba huitwa mmojammoja kusimama mbele ya gombo. Akimaliza zamu yake, msimamizi humwombea baraka kwa jina lake na la mzazi wake, na katika makusanyiko mengi ahadi ya mchango hutajwa humohumo ndani ya dua. Heshima nyingine, kama kufungua sanduku takatifu linalohifadhi magombo ya Torati au kulibeba gombo, katika baadhi ya jumuiya hunadiwa hadharani, na atakayetaja kiasi kikubwa ndiye anayepewa. Pesa yenyewe huja Jumapili au baadaye. Wengi hupenda kutoa 18 au kiasi kinachogawanyika kwa 18, kwa kuwa herufi za Kiebrania zina thamani ya namba, na zile zinazounda neno "uhai" zikijumlishwa huleta 18.

Kilele ni usiku wa kuingia Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, wakati hata asiyeonekana mwaka mzima hufika. Huko Marekani wamebuni kadi ndogo kwa ajili ya usiku huo. Kiasi mbalimbali kimechapwa pembeni mwa kadi, kila kimoja juu ya kipande kinachokunjika. Mtu aliyefunga saumu, asiyeruhusiwa kalamu wala pochi, anakunja kipande kimoja tu na kuirudisha kadi. Hakuna herufi iliyoandikwa wala senti iliyoguswa, na ahadi imeshawekwa.

Je, ahadi ya mdomo haipotei hewani? Kumbukumbu la Torati 23 inaonya kwamba ukimwekea Mungu nadhiri usichelewe kuiondoa, maana ataidai kwako. Mchango ulioahidiwa sinagogini huingia hapo, ndiyo maana wacha Mungu wengi huongeza maneno "bila nadhiri" wanapoahidi jambo lolote, wasije wakajifunga na deni watakaloshindwa kulilipa. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyosikika. Sote tunazifahamu harambee ambapo mtu mkubwa anataja laki kadhaa, anapigiwa makofi, na mweka hazina anamtafuta mwaka mzima. Kwa hesabu ya Torati, huyo ni mdaiwa tangu dakika aliyofungua mdomo.

Hadi hapa tumeongelea hiari, lakini ujenzi wa sinagogi hauachwi kwa hiari peke yake. Musa bin Maimon, mwanachuoni aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, ambaye wengi humwita Maimonides, aliandika kwamba popote wanapoishi Waisraeli kumi lazima watenge nyumba ya kusalia, na wakazi wa mji hulazimishana kuijenga. Kulazimishana, yaani anayevuta miguu anaweza kubanwa na wenzake. Kutokana na mizizi hiyo zimekua ada za uanachama ambazo makusanyiko mengi hutoza kila mwaka, na desturi ya zamani ya kuuza viti: familia ilinunua nafasi yake sinagogini, na katika jumuiya nyingi za Ulaya kiti hicho kilirithiwa kama shamba.

Tajiri na maskini wachangie sawa? Kitabu cha Kutoka kina jibu la pande mbili ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolisoma. Kwa ajili ya hema la jangwani, kila mwanamume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli ya fedha; tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Kando ya hiyo kulikuwa na sadaka za moyo: dhahabu, vitambaa, hereni za wanawake, kila mtu kwa kadiri alivyoguswa, mpaka mafundi wakamwendea Musa kulalamika kwamba vitu vimezidi, naye akapiga marufuku watu wasilete tena. Sasa tazama sura ya 38 inavyoeleza matumizi. Talanta 100 za fedha zilizotokana na zile nusu shekeli ziliyeyushwa zikawa vitako 100, vile vya chini kabisa ambavyo mbao za patakatifu na nguzo za pazia zilisimama juu yake. Msingi ulikuwa wa watu wote kwa kipimo kimoja, na hakuna aliyeweza kusema kitako hiki ni changu.

Pesa zikishapatikana, kunakuja hofu ambayo kila kamati ya ujenzi inaijua: zitakaa salama mpaka jengo liishe? Talmudi ina mazungumzo juu ya jambo hili, na nayapenda kwa sababu wanaozungumza wanaonekana wameshawahi kusimamia ujenzi. Kanuni ni kwamba sinagogi la zamani lisibomolewe kabla jipya halijasimama. Ravina anamuuliza mwenzake Rav Ashi, mkuu wa wasomi wa Babeli aliyefariki karibu na mwaka 427: na kama pesa zimeshakusanywa na zimewekwa? Rav Ashi anajibu kwamba huenda wakatokea mateka wa kukombolewa, na pesa zikapelekwa huko. Na kama matofali yameshapangwa na boriti zimeshachongwa? Bado, kwa kuwa vifaa navyo vinaweza kuuzwa ili kuwakomboa mateka. Basi hata sinagogi lililokwisha kujengwa si litauzwa? Hapana, watu hawauzi nyumba yao.

Enzi hizo mateka lilikuwa jambo la kila siku. Maharamia na majeshi waliteka watu na kudai fidia, na asiyekombolewa aliuzwa utumwani au kuuawa. Sheria ilikubali kwamba mfuko wa ujenzi, hata ukiwa umeshageuka kuwa matofali, unaweza kwenda kuokoa roho ya mtu. Kwa sababu ileile ikakataza kubomoa mapema, ili pesa zikienda kwa mateka, jumuiya isije ikabaki bila pa kusalia.

Isipokuwa jengo likiwa na nyufa. Rav Ashi mwenyewe aliona ufa katika sinagogi la mji wake, Mata Mehasya. Akalibomoa. Kisha akachukua kitanda chake akakiweka palepale kwenye eneo la ujenzi, na hakukiondoa mpaka mifereji ya maji ya mvua ilipofungwa. Anayejua ujenzi anajua mifereji hufungwa mwisho mwisho. Mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa kizazi chake alilala kwenye vumbi na mvua ili kazi isizoroteshwe.

Na wanaotoa sana, majina yao yaandikwe ukutani? Huko Barcelona, rabi Shlomo ben Aderet, aliyefariki mwaka 1310, aliletewa kesi ya mtu aliyejenga sinagogi kwa mali yake akataka jina lake liandikwe mlangoni, na baadhi ya watu wakapinga. Rabi akaamua kwamba hawana haki ya kumzuia, kwani Torati yenyewe huandika majina ya waliotenda mema. Desturi hiyo ni kongwe kumpita yeye. Yerusalemu lilichimbuliwa jiwe la karne ya 1 lenye maandishi ya Kigiriki, likisema kwamba kuhani Theodotos alijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba na maji kwa wageni watokao mbali. Apamea, Siria, sakafu ya mwaka 391 ya vijiwe vya rangi imeorodhesha wachangiaji kwa futi walizolipia: Ilasios, mkuu wa sinagogi kutoka Antiokia, futi 150; mwanamke aitwaye Alexandra, futi 100; Ambrosia, futi 50. Na maandishi ya wanawake hao yanasema walikuwa wakitimiza nadhiri.

Jumuiya changa mara nyingi huomba mbali. Wayahudi wa New York walipofungua sinagogi lao la kwanza mwaka 1730, walikuwa wamesaidiwa na wenzao wa Curaçao, Jamaika, Barbados na London. Mwaka 1759 wale wa Newport, Rhode Island, walipungukiwa pesa za ujenzi wakaiandikia New York. New York, iliyokuwa imesaidiwa jana, ikatuma takriban pauni 149. Jengo la Newport lilizinduliwa mwaka 1763, na ndilo sinagogi kongwe kuliko yote yanayosimama Marekani.

Mlolongo huohuo umefika kwetu. Mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya, wafuasi wa njia aliyoianzisha Semei Kakungulu, mtu wa vita aliyejitahiri mwaka 1919 na kushika Torati. Idi Amin alipiga marufuku ibada zao, na inakadiriwa wakabaki kama 300 tu. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, vijana walianza upya juu ya kilima cha Nabugoye, na kwa miaka mingi wakasali katika jengo la kawaida la matofali lililoitwa Sinagogi la Moses. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles. Wengi wa waumini ni wakulima wadogo, na jengo kubwa lisingetoka kwenye mavuno yao. Wafadhili wa Marekani walichanga, na mwaka 2016 Sinagogi la Stern likafunguliwa kilimani hapohapo.

Linabaki swali la jengo la zamani. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi huufafanua, inataka utakatifu upande, usishuke: wakiuza sinagogi, pesa inunue sanduku la Torati, wakiuza sanduku, inunue vitambaa vya kufungia gombo, wakiuza vitambaa, inunue vitabu, wakiuza vitabu, inunue gombo lenyewe. Kurudi nyuma hakuruhusiwi. Lakini Talmudi ikaongeza sharti moja linaloweza kuifungua pesa hiyo kwa matumizi yoyote, hata, kama alivyosema Rava, kununulia pombe ya kunywa: mauzo yafanywe na wawakilishi saba waadilifu wa mji, mbele ya wakazi wa mji.