Bomba la Stenlesi Likishika Kutu, Si Lazima Liwe Feki

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi yana sura moja. Mwenye kiwanda kidogo cha maziwa au juisi amenunua mabomba ya stenlesi kwa bei iliyomuuma, fundi amemfungia, na kabla masika hayajaisha mishono ya weldi imeanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Anakuja na picha kwenye simu, na hukumu ameshaitoa: "Nimeuziwa feki."

Inawezekana. Bidhaa duni zipo, na tunazishughulikia. Lakini mara nyingi tukikata kipande na kukipima, chuma ni kile kile kilichoandikwa kwenye risiti. Kilichoharibika ni uso wake, na aliyeuharibu ni mtu aliyeshika grinda.

Habari ya kromiamu wengi mnaijua: ni metali iliyochanganywa ndani ya stenlesi, nayo ikikutana na hewa hujenga utando wa kuzuia kutu. Nikumbushe unene tu: utando wa oksaidi unaolilinda bomba ni nanomita chache, yaani unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuupita kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe kwa hewa, mradi uso uwe safi. Hilo neno "safi" ndilo linalotugombanisha na mafundi.

Fundi akichomelea, pembeni mwa mshono hubaki michirizi ya rangi: majani makavu, kahawia, zambarau, mpaka buluu. Wapo wateja wanaoipenda wakidhani ni urembo. Chini ya rangi hizo kromiamu imepungua, na kutu huanzia hapo. Kuna na jambo la pili. Diski ya grinda iliyotoka kukata nondo asubuhi ikitumika kulainisha stenlesi mchana, inapandikiza chembe za chuma cha kawaida kwenye uso. Brashi ya waya wa kawaida na stilwaya za jikoni hufanya vivyo hivyo. Chembe hizo zinashika kutu, zinachafua jirani zake, na lawama anabebeshwa muuza mabomba.

Kuhusu sumaku, ambayo watu huitumia kutafuta feki wakidhani stenlesi halisi haishiki, naomba tuelewane mara moja, maana nimeshachoka kuletewa sumaku za spika ofisini. Stenlesi ya daraja la 304 (namba hizi hutaja aina ya mchanganyiko wa metali) ikikunjwa au kunyooshwa kiwandani inaweza kuvutwa kidogo na sumaku, na ni halali kabisa. Ya 430 inashika sumaku wazi na bado ni stenlesi. Ya 201, ambayo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi ili iwe rahisi, kwa kawaida haishiki sumaku, na ndiyo inayowahi kupata kutu kuliko 304. Anayenunua kwa sumaku basi anaweza kukataa bomba zuri na kubeba dhaifu. Daraja linajulikana kwa cheti cha kiwandani na kipimo cha maabara.

Sasa matibabu ya uso. Kwenye ukaguzi mmoja nilimwomba fundi afungue kiungo cha bomba la maziwa. Kwa nje mshono uling'aa kama kijiko cha harusi. Ndani, nilipopitisha kidole chenye glavu, nilikuta punje nyeusi zinazokwaruza, kama sukari guru iliyoungua, na mtindi mkavu umejikita katikati yake. Mabomba yalichomelewa bila kujazwa gesi ya agoni kwa ndani, hewa ikaunguza mgongo wa mshono. Hakuna dawa ya kupaka itakayotibu hilo. Kiungo kilikatwa, kikachomelewa upya. Mwenye kiwanda alinung'unika sana, lakini ndani ndiko maziwa yanakopita.

Mshono ukiwa mzuri, kazi ya kwanza ni ya mikono: msasa na diski ambazo hazijawahi kugusa chuma kingine, kuanzia za punje kubwa hadi laini. Sehemu zinazogusana na chakula, kipimo cha ukwaruzo kinachokubalika na wengi ni maikromita 0.8 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) au chini yake. Kung'aa kwa macho si kipimo. Kisha huja kuchubua kwa asidi, mchanganyiko wa asidi ya nitriki na haidrofloriki unaoondoa rangi za joto pamoja na tabaka lililopungukiwa kromiamu. Baada yake ni kuujenga upya ule utando wa kinga, kwa asidi ya nitriki peke yake au ya sitriki. Kiwango cha ASTM A967, cha Kimarekani kinachohusu kazi hii, kinataja, kwa mfano, asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10 katika nyuzijoto 60 hadi 70 kwa dakika 4 au zaidi. Ipo na njia ya kung'arisha kwa umeme, bomba likiwa ncha chanya ndani ya asidi ya fosforiki na salfuriki. Ni nzuri mno, na bei yake pia, hivyo kwa kiwanda kidogo siilazimishi.

Asidi ya betri hapana. Asidi ya kusafishia choo hapana kabisa: ni haidrokloriki, na kloridi ndiyo inayotoboa stenlesi vishimo. Watu wanaambiwa, wanaitikia, wanarudi nayo.

Asidi zenyewe hazinunuliwi kama sabuni. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na anayejishughulisha na kemikali hizi anatakiwa kusajiliwa kwanza. Hakikisha muuzaji amesajiliwa, mwombe risiti na karatasi ya usalama wa kemikali (SDS) yenye vipengele vyote 16, na usome chombo kwa namba ya kimataifa ya mizigo hatarishi: nitriki hubeba namba UN 2031, haidrofloriki UN 1790. Usihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Usiifiche kwenye buti ya gari dogo ukadhani ni mzigo binafsi, kwani usafirishaji nao una vibali vyake. Ukikutwa bila nyaraka, mzigo unaweza kuzuiwa, na shauri likifika mahakamani adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Maji ya kusuuzia yana kromiamu, nikeli na floraidi. Ukali wa asidi yake uuwe kwa chokaa, tope likusanywe na kukabidhiwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Ukiyamwaga mtaroni, hapo unakutana na sheria ya mazingira ya 2004, ambalo ni faili lingine.

Haidrofloriki inahitaji onyo lake peke yake. Ikiwa hafifu haiumi mara moja. Inapenya ngozi kimya, maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, na inakamata kalsiamu ya mwili hata kuuyumbisha moyo. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwepo kazini kabla chombo hakijafunguliwa. Ikimgusa mtu: maji mengi, jeli, hospitali, hata kama anasema hasikii kitu, na daktari atajiwe asidi kwa jina. Nitriki ikimwagika, usiifyonze kwa maranda ya mbao. Yanaweza kuwaka.

Kupima matokeo, mwaga maji safi. Yakitanda bila kukatika, mafuta yametoka. Chembe za chuma zinatafutwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled water): saa moja bomba limelowa, saa moja linakauka, mizunguko 12, kisha unatazama kama kuna kutu. Mrututu ule wa wakulima wa kahawa hutumika kama kipimo cha haraka, lakini kiwango kile kile cha ASTM A967 kinakataza kuutumia kwenye vifaa vya kusindika chakula. Mtusaidie kuwafikishia mafundi hili.

Wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja waifikirie 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, maana upepo wa bahari una chumvi yake. Na popote ulipo, dawa ya klorini isilale usiku kucha ndani ya bomba.

Anayetaka kulalamika alete kipande chenye mshono, cheti cha daraja, risiti, na jina la dawa anayosafishia. Tafadhali kisisuguliwe kabla ya kuletwa. Wiki iliyopita nimepokea kipande kilichong'arishwa vizuri kwa stilwaya ili, nikaambiwa, "kionekane".